Kiini Hakipokei Amri

(Maandishi ya mazungumzo ya jioni mbele ya wananchi, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam)

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wauguzi, mafundi, wafanyabiashara, wanafunzi mliokuja na madaftari, na ninyi mliofuata kiyoyozi baada ya joto la leo, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie fizikia ya nyuklia. Walioniomba nadhani walitegemea nianze na bomu. Bomu lipo, tutalifikia. Lakini nitaanza na fuvu, maana limehifadhiwa na makumbusho haya haya.

Tarehe 17 Julai 1959, kule Oldupai, Mary Leakey alikuwa akikagua mteremko peke yake. Mumewe Louis alikuwa kambini, homa imemlaza. Akaona mfupa na meno yanachungulia udongoni. Fuvu lile wakaliita Zinjanthropus, na dunia nzima ikauliza swali moja: lina miaka mingapi? Louis Leakey, kwa kuangalia tabaka za udongo na mifupa ya wanyama, alikisia miaka 600,000. Mwaka 1961 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Jack Evernden na Garniss Curtis, pamoja na Leakey mwenyewe, wakatangaza jibu lililowashangaza wengi: miaka 1,750,000. Karibu mara tatu ya makisio.

Hawakulipima fuvu. Walipima majivu ya volkano yaliyolala katika tabaka lilelile. Ndani ya majivu mna potasiamu, na katika potasiamu yote duniani kuna sehemu ndogo sana iitwayo potasiamu-40, ambayo kiini chake, yaani kitovu cha atomu yake, hakijatulia. Hubadilika chenyewe. Vingi kati ya viini hivyo huishia kuwa kalsiamu, na kama 11 katika kila 100 huwa agoni, gesi isiyoungana na kitu chochote. Volkano inapotapika, agoni ya zamani hutoroka kwenye mwamba ulioyeyuka. Mwamba ukishaganda, agoni inayozaliwa ndani yake hunaswa kwenye fuwele na haina pa kwenda. Pima agoni iliyonaswa, pima potasiamu iliyobaki, utajua volkano ilitapika lini.

Kinachoifanya hesabu hiyo iaminike ni jambo moja, nalo ndilo nililokuja kulisema jioni hii: kiini hakipokei amri. Potasiamu-40 huchukua miaka bilioni 1.25 kupungua kufikia nusu. Ichome, igandishe, izamishe baharini, imwagie tindikali, isomee dua. Muda wake ni uleule. Muda huo tunauita nusu uhai, na kila kiini kisichotulia kina wake. Vingine hupungua nusu ndani ya sekunde, vingine huishi kuliko milima. Ukiujua muda huo, una saa ya kupimia miamba. Una dawa pia, kama unajua kuiwahi. Usipoujua, una sumu ndani ya nyumba. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hapo.

Na kabla hamjajisogeza mbali na potasiamu: imo mwilini mwetu. Ndani ya mtu mzima, zaidi ya viini 4,000 vya potasiamu-40 hubadilika kila sekunde, na vimekuwa vikifanya hivyo tangu enzi za babu zetu wa Oldupai. Mliokula ndizi nyama mchana mmeiongeza kidogo tu, kaeni mtulie.

Sasa, binadamu walijuaje habari za kiini, kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona? Mwanzo ulikuwa bahati, na bahati yenyewe ilikuwa mawingu. Mwishoni mwa 1895 Wilhelm Röntgen, Mjerumani, alikuwa amegundua miali iliyopenya nyama na kuonyesha mifupa, ile tunayoiita eksirei hadi leo. Miezi michache baadaye, huko Paris, Henri Becquerel alitaka kujua kama chumvi ya urani ikianikwa juani itatoa miali ya namna hiyo. Jua likagoma. Akaitia chumvi yake ndani ya droo pamoja na bamba la kupigia picha lililofungwa kwenye karatasi nyeusi. Tarehe 1 Machi 1896 akaamua kulisafisha bamba hivyo hivyo, na akakuta alama nzito. Urani haikuhitaji jua. Ilikuwa ikitoa mionzi yenyewe, gizani, bila kuwashwa na mtu.

Mwanamke aliyelichukua jambo hilo na kulifuata hadi mwisho ni Marie Curie, mzaliwa wa Poland aliyekwenda kusoma Ufaransa kwa sababu chuo kikuu cha kwao hakikupokea wanawake. Alipima mawe ya urani kutoka migodi ya Bohemia akaona yanatoa mionzi mingi kuliko urani iliyomo ndani yake. Maana yake mlikuwa na kitu kingine. Mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre walitangaza vitu viwili vipya, poloniamu na radiamu. Kuvitangaza ni jambo moja, kuvitoa kwenye jiwe ni jingine. Walifanya kazi kwenye banda linalovuja, Marie akikoroga masufuria ya mawe yaliyoyeyushwa kwa chuma kirefu karibu kama yeye, na kutoka kwenye tani kadhaa za mabaki ya mgodi walipata, mwaka 1902, chumvi ya radiamu yenye uzito wa sehemu moja ya kumi ya gramu. Usiku ilikuwa inawaka kwa mwanga hafifu, nao walikwenda kuitazama kwa furaha. Hawakuwa na glavu wala kinga. Marie alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na madaftari yake huko Paris huhifadhiwa ndani ya masanduku yenye kuta za risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, hadi leo, kwani nusu uhai wa radiamu ni miaka 1,600. Tuzo za Nobel alipata mbili, ya fizikia 1903 na ya kemia 1911. Wanafunzi wa kike mliopo, nimelisema hilo makusudi.

Wakati huo kulikuwa na mzee mmoja wa fizikia aliyeheshimika Uingereza nzima, Lord Kelvin. Kwa kuhesabu jinsi dunia inavyopoa, alikuwa amekata kauli kwamba umri wake ni kati ya miaka milioni 20 na 40. Wanajiolojia walilalamika kwamba muda huo hautoshi, lakini nani angebishana na Kelvin? Mwaka 1904 kijana kutoka New Zealand, Ernest Rutherford, alisimama kutoa mhadhara London, na Kelvin mwenyewe ameketi ukumbini. Rutherford alitaka kusema kwamba mionzi hutoa joto ndani ya miamba, na kwa hiyo hesabu ya mzee imevunjika. Akalisema kwa adabu ambayo ingempendeza mtu yeyote wa pwani: kwamba Kelvin aliweka sharti mapema, hesabu yake ni sahihi ikiwa hakuna chanzo kipya cha joto kitakachogunduliwa, na huo ulikuwa utabiri. Mzee akatabasamu. Leo tunajua dunia ina miaka bilioni 4.5 na ushei, na tumeijua kwa urani iliyogeuka kuwa risasi.

Huyo Rutherford ndiye aliyekipata kiini chenyewe. Mwaka 1909 huko Manchester alimpa kazi mwanafunzi wa miaka 20, Ernest Marsden, awe na Hans Geiger wakirusha chembe za alfa, zile zinazotoka kwenye vitu kama radiamu, kwenye utando mwembamba wa dhahabu waone kama zipo zinazorudi nyuma. Jibu lililotegemewa lilikuwa hapana. Nyingi zilipita moja kwa moja, lakini chache, chache mno, zilirudi zilikotoka. Rutherford alikaa na jambo hilo hadi 1911 ndipo akaeleza: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika mahali padogo katikati, na kwingine ni kutupu. Chukua atomu ya dhahabu uikuze iwe kama Uwanja wa Benjamin Mkapa na majukwaa yake yote; kiini kitakuwa punje ya hindi katikati ya uwanja. Kazi ile ilihitaji mtu akae kwenye chumba cheusi saa nyingi akihesabu vimulimuli kwa jicho. Nawaambia hivi wanafunzi wangu wanaodhani ugunduzi unakuja kwa kompyuta.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1932 James Chadwick alipata nyutroni, chembe isiyo na chaji ya umeme inayoweza kuingia ndani ya kiini bila kusukumwa nje. Mwaka 1933 Rutherford, bingwa mwenyewe, alisema hadharani kwamba anayetarajia kupata nishati ya maana kutoka kwenye atomu anaota. Msomi mmoja Mhungaria, Leo Szilard, aliisoma habari hiyo gazetini London ikamkera, na ndani ya siku chache akawa ameshapata wazo: nyutroni moja ikipasua kiini na kutoa mbili, mbili zitatoa nne, na moto hautazimika.

Kiini gani? Jibu lilikuja Desemba 1938. Otto Hahn na Fritz Strassmann, Berlin, walipiga urani kwa nyutroni wakapata bariamu, kitu chenye uzito wa karibu nusu ya urani. Hahn hakuelewa, akamwandikia mwenzake wa miaka thelathini, Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amelazimika kuikimbia Ujerumani miezi michache kabla na sasa yuko Sweden. Likizo ya Krismasi Meitner alitembea thelujini na mpwa wake, Otto Frisch, wakaketi kwenye gogo, wakatoa vipande vya karatasi, wakapiga hesabu. Kiini kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na nishati iliyotoka ilikuwa mamilioni ya mara kuliko ya kuni au mafuta kwa kila atomu. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1944 alipewa Hahn peke yake. Mimi jambo hili huwa linanichoma kila ninapolifundisha, na sioni sababu ya kulipaka asali.

Hapa, ndugu zangu, ndipo historia inapokuja kwa majirani zetu. Barua ya tarehe 2 Agosti 1939 aliyotia saini Albert Einstein kwenda kwa Rais Roosevelt wa Marekani inataja kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Ilikusudiwa Katanga, mgodi wa Shinkolobwe. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri usio na mfano. Mengine zaidi ya nusu ya uzito wake ulikuwa urani, wakati kwingine duniani watu huchimba mwamba wenye urani chini ya sehemu moja katika mia. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani wasije wakaukamata mzigo, akasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi ghala moja la Staten Island, New York. Wamarekani walipoanza kutafuta urani mwaka 1942 walikuta iko jirani nao, ndani ya mapipa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu ilitoka kwenye mgodi ule. Waliyachimba na kuyabeba Wakongo, kwa mikono, bila kuambiwa ni mawe ya nini. Vitabu vingi vinasimulia Chicago, ambako Enrico Fermi aliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia, yaani mtambo wa kupasua urani kwa kipimo, tarehe 2 Desemba 1942 chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo, na vinasimulia jangwa la New Mexico, ambako bomu la kwanza lilijaribiwa. Shinkolobwe hupata sentensi moja.

Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, Nagasaki tarehe 9. Katika bomu la Hiroshima mlikuwa na kilo kama 64 za urani, na iliyopasuka kweli haikufika kilo moja. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima peke yake. Mtu akiniuliza fizikia ya nyuklia ni nzuri au mbaya, namtajia hizo namba mbili, ile ya kilo na ile ya watu, halafu naendelea na somo.

Afrika ilichukua msimamo wake. Ufaransa ilipolipua bomu lake la kwanza Sahara ya Algeria, Februari 1960, kelele zilipigwa bara zima. Afrika Kusini ya makaburu ilitengeneza mabomu sita kwa siri, ikayavunja yenyewe kabla ya uhuru wa weusi, na mwaka 1996 nchi zetu zikasaini Mkataba wa Pelindaba unaokataza silaha hizi barani. Ulianza kutumika 2009.

Niwape kichekesho kimoja kabla hatujarudi Dar es Salaam. Mwaka 1972 fundi wa kiwanda kimoja Ufaransa alipima urani iliyotoka Oklo, nchini Gabon. Katika urani ya kawaida, urani-235, ile inayopasuka kirahisi, ni sehemu 0.720 katika mia. Yake ilikuwa 0.717. Tofauti ndogo namna hiyo wewe na mimi tungesema mizani imekosea. Wafaransa walihofu imeibwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba miaka karibu bilioni mbili iliyopita miamba ya Oklo iliwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia, maji ya ardhini yakipunguza kasi ya nyutroni, yakichemka na kukauka kinu kinazima, yakirudi kinawaka, na ikaendelea hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka. Leo haiwezekani tena. Nusu uhai wa urani-235 ni miaka milioni 704, wa urani-238, ile iliyo nyingi, ni bilioni 4.47, kwa hiyo zamani zile urani-235 ilikuwa kama sehemu tatu katika mia na sasa imepungua mno. Fermi alikuwa wa pili, na Gabon haikutunukiwa Nobel.

Turudi hapa mjini. Kutoka ukumbi huu unatembea kwa miguu tu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo la zamani pale ni la enzi za Wajerumani, na Robert Koch, yule aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, aliwahi kufanya kazi pale. Siku hizi ni mahali ambapo Watanzania wengi kuliko popote wamekutana na fizikia ya nyuklia, ingawa hawakuiita hivyo. Wao husema wamepigwa mionzi.

Mashine ya kobalti ni kitu rahisi kuelewa. Kobalti ya kawaida huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, inameza nyutroni, inakuwa kobalti-60. Hiyo hutoa miali ya gama yenye nguvu. Unaifungia ndani ya kichwa kizito cha risasi chenye dirisha moja, unalifungua dirisha kuelekea uvimbe kwa dakika zilizohesabiwa, unalifunga. Seli za saratani zinazogawanyika ovyo huumia kuliko jirani zake. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa namna hii Kanada mwaka 1951, na katika nchi zenye umeme wa mashaka mashine hii imeokoa wengi, maana kobalti haijui kukatika kwa umeme.

Lakini kumbukeni lile la amri. Nusu uhai wa kobalti-60 ni miaka 5.27. Mashine mpya ikimhudumia mgonjwa kwa dakika mbili, baada ya miaka mitano na robo itahitaji dakika nne kutoa dozi ileile, baada ya kumi na nusu dakika nane. Foleni kwenye benchi inarefuka, na si kwa uvivu wa mtu. Serikali ikichelewa kununua chanzo kipya, barua ya kuomba bajeti inasubiri, kobalti haisubiri. Kwa wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu, kuna tiba ya kuingiza chanzo kidogo ndani ya mwili karibu kabisa na uvimbe kwa muda mfupi kisha kukitoa. Mara nyingi chanzo hicho ni iridiamu-192, yenye nusu uhai wa siku 74. Ile lazima ibadilishwe mara kadhaa kwa mwaka. Mashine mpya za umeme zinazotengeneza miali bila kobalti zimepunguza shida hiyo, nazo zikaleta ya kwao: zinataka umeme usioyumba, maji ya kupozea na mafundi.

Kali zaidi ni teknetiamu-99m, inayotumika kupiga picha za mifupa, figo na moyo. Nusu uhai wake ni saa sita. Huwezi kuiweka stoo. Inaletwa ikiwa bado ndani ya mama yake, molibdenamu-99, ambayo yenyewe hupungua nusu kwa saa 66. Ndege ikichelewesha mzigo siku tatu, umelipia dawa nzima umepokea chini ya nusu. Watu wa forodha wa Uwanja wa Julius Nyerere, kama mmo humu, mzigo wenye alama ya njano msiusubirishe hadi Jumatatu.

Habari ninayoipenda kuliko zote inatoka ng'ambo ya maji, Unguja. Kisiwa kile kilikuwa na mbung'o, nao walieneza nagana, malale ya mifugo, kwa ng'ombe. Dawa ya kuwapaka ng'ombe na vitambaa vya buluu vyenye sumu viliwapunguza mbung'o sana, lakini msituni, upande wa Jozani, walibaki. Na mbung'o wakibaki kidogo, watarudi.

Mbung'o ana udhaifu mmoja. Jike hupandwa kwa kawaida mara moja tu maishani, akahifadhi mbegu, kisha anazaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku tisa au kumi. Basi ukimpata dume asiyeweza kuzalisha akampanda huyo jike kwanza, umemaliza ukoo wake. Wazo hili lilikuwa la Mmarekani Edward Knipling, na lilifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1954 kisiwani Curaçao dhidi ya inzi anayekula vidonda vya mifugo. Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, walifuga mbung'o kwa maelfu, wakawalisha damu, wakawapitisha madume kwenye mionzi ya gama kwa dozi inayoharibu mbegu bila kumnyima dume hamu yake. Hapo ndipo penye ufundi: dozi ikizidi, dume anakuwa goigoi na jike anamkataa. Kuanzia 1994 ndege ndogo zikawa zinarusha juu ya Unguja madume hao waliohasiwa, jumla yake zaidi ya milioni nane mpaka kazi kuisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Nagana ikatoweka kwa ng'ombe wa Unguja. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna, ambalo wengi wetu tunalisikia likitajwa na habari za Iran, ndilo lililokuwa bega kwa bega na Watanzania katika kazi hiyo. Mbona hatuwafundishi watoto?

Kwa nini iliwezekana Unguja na bara bado? Kwa sababu Unguja ni kisiwa. Bara mbung'o anaruka kutoka pori hadi pori, na hana haja ya boti ya Azam.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi, maana mengi yanayosemwa ni ndoto za kampeni. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa joto la makaa ya mawe karibu tani 3,000. Barani Afrika kituo kinachozalisha umeme wa nyuklia kwa gridi ni kimoja, Koeberg karibu na Cape Town, tangu 1984, na Misri inajenga chake El Dabaa. Koeberg hutoa kama megawati 1,900. Bwawa letu la Julius Nyerere pale Rufiji lina uwezo wa 2,115. Sisi tuna urani Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ambako mpaka wa Hifadhi ya Selous ulisogezwa mwaka 2012 kwa idhini ya UNESCO ili mgodi upate nafasi. Lakini urani inayotoka ardhini ina urani-235 chini ya sehemu moja katika mia, na vinu vingi vinataka tatu hadi tano. Kuchimba si kuwasha taa. Maoni yangu, na hapa nasema kama mwananchi: vipimo vya mionzi vya maji na vumbi la Namtumbo vibandikwe kwenye ofisi za vijiji, kila mwezi, kwa Kiswahili, mchimbaji awe nani.

Sasa la mwisho, na hili nawaambia hasa vijana wa skrepa, wa Gerezani, wa Tabata, popote mnaponunua chuma kwa kilo.

Septemba 1987, mji wa Goiânia, Brazil. Kliniki moja ilihama ikaacha mashine ya tiba ya saratani kwenye jengo bovu. Vijana wawili waliingia, wakaona chuma kizito, wakakibeba kwa toroli, wakakigonga hadi kikafunguka, wakamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku yule bwana akaona unga unang'aa rangi ya buluu. Akauona mzuri. Akawagawia ndugu na marafiki. Wengine walijipaka ngozini, na mtoto wa miaka sita alikula chakula na mikono iliyoshika unga ule. Ulikuwa sesiamu-137. Watu wakaanza kutapika, kuharisha, ngozi kubabuka, na hospitali zikadhani ni chakula kibaya. Aliyeokoa mji ni mke wa mnunuzi wa skrepa. Yeye ndiye aliyeunganisha ugonjwa na kile kitu, akakitia kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Wanne walikufa, yeye mmojawapo na yule mtoto. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa uwanjani, 249 wakakutwa na uchafu huo mwilini au kwenye nguo, nyumba zikabomolewa. Unga wote ulikuwa chini ya gramu 100. Nusu uhai wa sesiamu-137 ni miaka 30. Maana yake mabaki yaliyozikwa pale yamepita nusu uhai wa kwanza juzi tu.

Alama yake ijueni: panga tatu kama za feni, nyeusi au zambarau, zimezunguka kitone, juu ya rangi ya njano. Chombo kidogo kilicho kizito kupita kiasi, kimevikwa risasi, kimefungwa kama kisitakiwe kufunguliwa, usikigonge wala kukikata. Usikitie kwenye gari ukipeleke polisi. Kiache palepale, ondoa watu, piga simu polisi na kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Wana ofisi Arusha. Wafanyabiashara wa vyakula wanawajua kwa vyeti vya mionzi vya bandarini, na huwa mnawalalamikia. Kazi ya kuja kuchukua chombo kama hicho ni yao pia, na sijui mwingine wa kuwapigia. Chuma chenye mionzi kikiingia kwenye tanuru la nondo, tanuru haliui mionzi. Kinachotoka ni nondo zenye mionzi, na unazijenga ukutani kwako.

Nimepewa dakika chache za maswali, nimeyaandika mawili hapa kwa faida ya wasomaji.

Kijana mmoja aliuliza kama minara ya simu ndiyo hiyo mionzi. Siyo. Mawimbi ya simu hayatoki kwenye kiini na hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ukiuzima mnara hakibaki kitu. Chanzo cha nyuklia hakina swichi.

Mama mmoja akauliza: dada yake anapigwa mionzi Ocean Road, je, ni salama akimpakata mjukuu? Mama, kama anatibiwa kwa mashine inayomulika kutoka nje, akishatoka chumbani hana mionzi yoyote mwilini, na ampakate mjukuu hata leo. Waliomtenga nyumbani wamemwonea. Kama aliingiziwa chanzo kikatolewa, hivyo hivyo. Tofauti ni mgonjwa wa tezi ya shingo aliyenyweshwa iodini-131. Huyo anayo mwilini kwa muda: nusu uhai ni siku 8, na nyingine hutoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Kwa hiyo atalala peke yake, atasafisha choo kwa maji mengi, na watoto na wajawazito watakaa mbali naye kwa siku atakazoandikiwa na daktari wake. Siku hizo zikiisha, mwiteni mezani mle wote.